Mwenye Kamera Naye Alipwe



Gazeti letu hili limezoea habari za mishahara, nyumba za landhi na ovataimu. Leo twaomba nafasi tuseme juu ya kazi nyingine, maana wanaoifanya ni watoto wetu na wadogo zetu, na baadhi yetu twaifanya wenyewe siku za mapumziko. Ni kazi ya kupiga picha katika mashindano ya mpira ya vijana.

Likizo ya Agosti na ya Desemba zikifika, tangu Voi na Mwatate hata Taveta na Mboghoni, ni shida kuona uwanja usio na kombe. Huyu ametoa kombe kwa kuwa ataka kura, yule kwa kuwa ana duka, na mwingine (wako, tusiwadhulumu) kwa kuwapenda vijana tu. Refa hulipwa. Mwenye vipaza sauti hulipwa. Mwenye hema na viti hulipwa, tena kabla hajakaza kamba ya kwanza. Lakini mwenye kamera huambiwa, "Piga tu kijana, utauza picha zako." Siku tatu yuko juani, vumbi laingia katika lenzi, na jioni ya fainali mwenye kombe ataka picha zote katika simu yake kabla gari lake halijaondoka. Twamjua kijana mmoja wa upande wa Mboghoni aliyefanya hivyo, akapewa fulana moja na shukrani. Mwenye kombe hatumtaji, maana si yeye peke yake.

Basi na tulitazame hilo neno "utauza."

Zamani za filamu, mpiga picha alikuwa na picha 36 katika kamera, na kila moja ilikuwa na gharama yake. Hakupiga ila kwanza amepewa arbuni. Alikwenda mjini kuosha, akarudi wiki ya pili na postikadi, akachukua salio lake. Leo kila mtu ukingoni mwa uwanja ana simu. Kijana hupiga picha 600 kwa siku bila gharama ya filamu, akadhani amepata mali 600. Hakupata. Picha ya mchezaji akipiga kichwa, hata iwe nzuri namna gani, mnunuzi wake ni mmoja, naye ni mtoto wa miaka 15 asiye na shilingi mfukoni. Wa kulipa ni mama yake aliye shambani, au kaka yake afanyaye kazi Mombasa, na hao hawako uwanjani. Na ukimtumia mtoto huyo picha nzima kwa WhatsApp "aione kwanza," umekwisha kuitoa bure; kesho imo katika simu za kijiji kizima.

Picha yenye faida ni ile ya timu nzima, imepangwa mistari miwili, jezi zimevaliwa sawasawa, kabla ya firimbi ya kwanza. Kila aliyemo aitaka, na mwalimu wa timu aitaka zaidi. Tufanye hesabu kwa mfano tu. Timu ina watu 20 pamoja na wa akiba na mwalimu wao. Nakala moja yauzwa shilingi 100, na kuichapa ni shilingi 30. Timu moja yaacha shilingi 1,400. Zikiwa timu 8 ni shilingi 11,200, kabla ya nauli na betri. Fedha mwalimu azikusanye kabla ya kuchapa, zije kwa M-Pesa, na picha ziletwe timu ikiwa bado iko mashindanoni. Ikishatolewa, hamu ya picha nayo imetolewa. Aliyefungwa mabao manne hataki ukumbusho.

Lakini hata hesabu hiyo huvunjwa na jambo moja, nalo sisi wa chama twalijua sana. Vijana wenye kamera wanakatana bei. Mmoja asema 100, mwenzake 70, wa tatu 40, na wa nne asema atapiga bure ili jina lake lijulikane. Kujulikana jina hakununui unga. Watu wa Mboghoni wameyaona haya katika ndizi: mwenye lori huja soko la Taveta, humwambia huyu kwamba yule amekubali chini, akaenda kwa yule akasema hayo hayo, na kabla ya adhuhuri wote wawili wameuza kwa hasara. Mwenye kombe hufanya vivyo hivyo na wenye kamera, pengine bila hata kukusudia. Sisi katika reli, gangi ikiitwa Jumapili kwenda kunyosha njia, hakuna asemaye "mimi nitakwenda bure nijulikane". Na kama yuko, wenzake watakuwa na maneno naye.

Twaona basi kwamba mwandalizi yampasa kutoa malipo ya siku, yaandikwe katika hesabu za mashindano pamoja na ya refa na ya hema, na mauzo ya picha yawe juu ya hayo. Wako watakaosema kombe la kijijini ni jambo la kujitolea na fedha zake ni chache. Ni kweli kwa makombe mengine, na mahali ambapo hata refa amejitolea, mwenye kamera naye ajitolee. Twapinga pale ambapo yeye peke yake ndiye anayejitolea, tena kwa amri.

Liko na jambo la karatasi. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, picha ni mali ya aliyeipiga. Lakini akiwa ameagizwa na mtu aipige, mali hiyo huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa kama wamepatana vingine. Maana yake, kijana akipokea malipo ya siku bila mapatano, mwenye kombe aweza kuitia picha ile katika mabango ya kura au ya bidhaa zake, na kijana asipate senti. Mstari mmoja watosha: "Picha ni zangu, wewe waweza kuzitumia kwa habari za mashindano haya tu." Watie sahihi wote wawili.

Na walio ndani ya picha ni watoto wa watu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia habari za mtoto, na picha yake imo katika habari hizo. Mwezi wa Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja ya Uthiru, Nairobi, shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi pasipo idhini ya wazazi. Ikiwa shule yatozwa hivyo, kijana mwenye kamera ya mtumba atauza nini alipe? Kwa hiyo mwalimu anapokusanya fedha, akusanye na idhini za wazazi katika karatasi ile ile. Na hapa tuseme wazi: msichana aliyeanguka uwanjani, nguo imepanda, si picha ya kuuza, hata mnunuzi awe na fedha ngapi. Mwenye kuiuza hiyo tusimtetee.

Twaomba kamati ya tawi itupe chumba cha mikutano Jumamosi moja ya Novemba, kabla makombe ya Desemba hayajaanza. Wenye kamera wa Voi, Mwatate, Taveta na Mboghoni waitwe, wawe wa reli au wasiwe. Wakae, wapatane bei ya siku na bei ya nakala, waandike karatasi moja ya mapatano itakayochapwa katika mashine yetu hii hii, na barua ipelekwe kwa kila mwandalizi. Nauli ya wanaotoka Mboghoni ichangwe, maana wao ndio walio mbali, na wasipofika bei itavunjwa upande huo kabla ya Krismasi.