Siri ya Kisu Bapa Iko Nyuma ya Mkanda

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini kwa kijana anayetaka kuingilia ufundi wa visu, methali hiyo yaweza kumtia hasara. Kuna kifaa kimoja ambacho sharti akichague kwa makini, nacho ni bamba linalokaa nyuma ya mkanda wa msasa.

Tuanze na mashine yenyewe. Mafundi wengi wa visu kule Marekani hutumia mashine ya mkanda wenye upana wa inchi 2 na urefu wa inchi 72. Mkanda huzungushwa na mota juu ya magurudumu, na katikati huegemea bamba bapa. Fundi anapokandamiza kisu kwenye mkanda, bamba ndilo linalokipa kisu umbo. Bamba likichimbika, kisu nacho hakitanyooka hata fundi awe hodari vipi.

Je, bamba hilo liwe la nini?

Chuma laini cha kawaida ndicho rahisi kupatikana, hata kwa fundi wa kuchomelea milango. Kwa anayeanza, chafaa. Ila msasa hukila upesi, kwa hivyo kila mara kipime kwa rula, na kikibonyea kipige tupa au ukibadilishe. Chuma kilichokazwa kwa moto hudumu zaidi.

Bora kuliko hivyo ni kioo cha seramiki, aina ile ile inayotumiwa juu ya majiko ya umeme. Ni kigumu, hakiliki ovyo, na joto halikitanui kwa urahisi. Usidanganyike ukaweka kioo cha dirisha, kwani kikipata moto chaweza kupasuka mbele ya uso wako. Kioo cha seramiki hubandikwa juu ya bamba la chuma kwa gundi ya epoksi inayostahimili joto. Na kwa kuwa mkanda hukivuta kuelekea chini, kiwekee kidato cha chuma cha kukizuia. Ukingo wake wa juu uusugue uwe mviringo ili kiungo cha mkanda kisijikwae. Kasoro yake ni moja: kikigongwa, huvunjika.

Kitambaa chenye grafiti nacho hubandikwa juu ya bamba ili kupunguza msuguano. Hufaa kwa mikanda laini ya kumalizia kazi, ingawa huchakaa na lazima kibadilishwe. Vumbi lake hupitisha umeme, basi liwekwe mbali na swichi na mota. Ngozi au felti ni kwa hatua ya mwisho tu, fundi anapotaka makali yenye mviringo kidogo. Ukizitumia kunyoosha ubapa, utauharibu.

Mbona tushughulike hivyo? Sababu ni joto. Kisu cha springi ya gari, kikishakazwa kwa moto na kuzimwa, hupashwa tena kwa kiasi cha nyuzi 200 za Selsiasi ili kisiwe chepesi kuvunjika. Msuguano ukikipandisha hadi makali yageuke rangi ya samawati, ugumu umekwisha kupotea, na kusugua rangi hiyo hakuurudishi. Mama atakinunua kikimetameta, akate sukuma siku mbili, kisha kibutue. Hatarudi kwako, na jirani zake pia watapata habari. Kwa hivyo shika kisu kwa mkono mtupu, na vidole vikihisi moto, kichovye majini mara moja.

Nawe mzazi, mwanao akianza kazi hii, mnunulie kwanza miwani ya kukinga macho na barakoa ya vumbi. Bamba la chuma laini latosha kwa visu vya mwanzo, na faida ya visu hivyo ndiyo itakayonunua kioo. Jicho halina duka.

Hadi Jumapili ijayo, kazi njema.