Ugonjwa usio na arobaini

KUTOKA JOBURG
Na Salma Mwinyikondo

Matangazo ya kumchangia mgonjwa wa maltipo sklerosisi hapa Johannesburg yanafanana: kiasi kinachotafutwa, hospitali iliyoko Mexico au Urusi, tarehe ya safari. Nayasoma kwenye BackaBuddy, tovuti ya michango iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2007, na kwenye makundi ya WhatsApp. Huwa natoa nilicho nacho. Lakini nina shaka, na leo nitaisema.

Kwanza ugonjwa wenyewe, maana kwetu wengi hawaujui. Katika MS, kama unavyoitwa kwa kifupi, kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia ubongo na uti wa mgongo, ikila utando unaofunika nyuzi za fahamu. Huwapata zaidi vijana wa miaka 20 hadi 40, wanawake kuliko wanaume. Leo jicho linafifia, mwakani mguu unakufa ganzi, inakuja nafuu, kisha yanaanza tena. Charcot, daktari wa Paris, aliueleza mwaka 1868, na mpaka sasa hakuna dawa ya kuumaliza. Karibu na ikweta ni adimu, ndiyo maana mgonjwa wa Tanga au Bukavu anaweza kuzungushwa kwa waganga na maombi miaka mingi kabla ya kufikishwa kwenye kipimo cha MRI.

Kinachofuatwa Mexico ni upandikizaji wa seli shina. Seli huvunwa kwenye damu ya mgonjwa mwenyewe, kinga yake inafyekwa kwa dawa kali kama za saratani, halafu seli zinarudishwa ili kinga ianze upya. Si utapeli, ingawa matapeli wanaouza sindano za seli shina bila hatua hizo wapo tele. Mwaka 2019 Richard Burt na wenzake walichapisha utafiti wa wagonjwa 110 waliogawanywa makundi mawili: katika waliopandikizwa, ugonjwa ulisonga mbele kwa 3, katika waliobaki kwenye dawa, kwa 34. Ila wote hao walikuwa na MS ya kuja na kuondoka. Mtu ambaye ugonjwa wake hauna tena vipindi vya nafuu, na amekaa kwenye kiti cha magurudumu miaka kadhaa, faida yake huwa ndogo mno na hatari iko pale pale. Gharama huzidi dola 50,000, si mbali na randi milioni moja.

Shaka yangu ni hii: tunachagua tiba inayofaa mchango, badala ya kutafuta mchango unaofaa tiba.

Sisi wahamiaji wa hapa ni watu wa tukio. Mtu akifariki mtaani Yeoville, kamati inaundwa kabla jua halijazama, na maiti inasafirishwa hadi Lubumbashi au Mwanza. Wenyeji wana stokvel na vyama vya mazishi, Wakongo wana likelemba, Watanzania upatu, Wakenya chama. Pesa zinakusanywa kwa bahasha au kupitia akaunti ya yule mmoja mwenye karatasi kamili, maana Vodacom walifunga M-Pesa yao hapa mwaka 2016. (Mkenya akisikia hilo hushika kichwa.) Maiti ana kamati. Lakini mwenye MS anahitaji pesa mwezi huu, mwezi ujao, na mwaka 2040. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba hiki kina tundu. Safari ya Mexico inavutia kwa sababu inaufanya ugonjwa wa maisha ufanane na harusi: kuna bajeti, kuna siku, kuna kurudi.

Mwenye bima ya afya ana pa kushika. Sheria inazilazimisha bima za Afrika Kusini kugharamia magonjwa sugu yaliyoorodheshwa, na MS imo, ingawa mabishano juu ya dawa ipi ilipwe hayaishi. Wenye bima ni kama mtu mmoja kati ya sita. Waliobaki ni wa foleni za hospitali za umma, kama Charlotte Maxeke na Baragwanath. Sisi wageni tulikuwa na foleni nyingine kabla ya hiyo: vijana wa Operation Dudula, kundi linalopinga wahamiaji, waliokuwa wakisimama langoni wakidai vitambulisho, mpaka Mahakama Kuu ya Johannesburg ilipowapiga marufuku Novemba 2025.

Zipo tiba nyingine za kuzungumzia. Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa za MS kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa mara ya kwanza, rituksimabu ikiwemo. Hiyo ni dawa ya saratani iliyoidhinishwa Marekani tangu 1997. Nakala zake za bei nafuu zipo, huingizwa kwa dripu, kwa kawaida kila baada ya miezi 6, na Sweden wameitegemea kwa MS miaka mingi. Ina madhara yake, maambukizi hasa, na si ya kila mgonjwa. Lakini mara mbili kwa mwaka ni mzigo ambao likelemba inaujua.

Kwa hiyo kamati ikikaa, kabla ya kuandika dola kwenye tangazo, mmoja aende na mgonjwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu akaulize: hii bado ni ya kuja na kuondoka? Rituksimabu itapatikana hapa, na nani atalipa? Akijibiwa kwamba pandikizi ndilo linalomfaa na muda bado upo, niandikeni wa kwanza. Akijibiwa vingine, ianze kukusanywa pesa ya dozi ya kwanza, na mweka hazina ajiandae kukaa madarakani muda mrefu.