Mwaka wa Masomo Ughaibuni: Tunakwenda na Nini?



Likizo iliyopita tulisafiri kwa basi kutoka Mbeya kwenda Iringa pamoja na mwenzetu tuliyesoma naye seminari ndogo. Sasa ni mlei, mwanafunzi wa chuo kikuu, na alikuwa amerudi karibuni kutoka Ujerumani, alikokaa mwaka mmoja wa masomo katika chuo chenye ushirikiano na chuo chake. Tangu Uyole tulimuuliza maswali yale yale anayoulizwa nyumbani: baridi ikoje, posho ilitosha, umetuletea nini? Tulipofika Makambako akatugeuzia kibao: "Kwenu, mtu ni nani?"

Tukacheka. Ndipo akatusimulia. Katika somo la falsafa alilochagua kule, mwalimu alimwomba aeleze watu wa kwao wanavyomwelewa binadamu. Akaanza na Aristotle, akaendelea na Mtakatifu Thomas wa Akwino. Mwalimu akamwambia kwa upole kwamba hao wanao. Walitaka kusikia la kwao. Mwenzetu akanyamaza. Bibi yake yuko Rungwe, ana mengi ya kusema juu ya umundu, lakini mjukuu hakuwahi kukaa naye amuulize.

Hatukucheka tena. Sisi tunaosoma falsafa tungejibu nini?

Maoni yetu ni haya: maandalizi ya kwanza ya mwaka wa ughaibuni si viza wala sweta. Ni kuyajua ya nyumbani.

Tunaye mfano katika Kanisa la ukanda wetu. Padre Alexis Kagame wa Rwanda alisoma Roma katika Chuo Kikuu cha Kipapa cha Gregoriana, akapata udaktari wa falsafa mwaka 1955. Hakwenda mikono mitupu. Alikwenda na Kinyarwanda. Aliyachunguza makundi ya maneno ya lugha yake akaonyesha namna nne za kuwapo: umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani: ni mtu, kitu, mahali (pamoja na wakati), na namna. Roma ilimpa vyombo, nyumbani kulimpa nafaka ya kusaga.

Wapo waliompinga. Paulin Hountondji wa Benin, naye aliyesoma Paris, alikataa kuyaita mawazo ya pamoja ya kabila falsafa. Alitaka mtu afikiri na kutoa hoja zake mwenyewe. Tunakubali kwamba maneno ya bibi hayatoshi. Lakini huwezi kuhoji usichokijua.

Anayekwenda mtupu hurudi kwa njia mbili. Ama anadharau kila cha nyumbani, ama anageuka mtafuta wafadhili. Na tusimlaumu peke yake. Jumuiya zetu ndizo humpokea kwa swali la zawadi, na parokia humuuliza kama amepata marafiki wa kutuezekea kanisa. Bati ni jambo jema. Ila ushirikiano ukiishia kwenye bati, mmoja atakuwa mtoaji daima na mwingine mpokeaji daima.

Hapa Iringa ndugu zetu Walutheri wana ushirikiano kati ya Dayosisi yao na Sinodi ya Saint Paul ya Marekani, nao wanauita Bega kwa Bega. Jina hilo lina funzo kwetu sote. Bega haliwezi kufikia bega ikiwa mmoja amepiga magoti.

Basi tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, anayechaguliwa kwenda atumie likizo moja kukaa na wazee wa kwao na kuandika anachosikia, kiwe Kinyakyusa, Kisafwa, Kihehe au Kibena. Pili, wanafunzi wageni wanaokuja kwetu tuwape swali lile lile: kwenu, mtu ni nani? Tusiishie kuwapigia makofi na kuwapa soda. Tatu, anayerudi apewe Jumapili moja baada ya Misa aseme alichojifunza, na alichoulizwa akashindwa kujibu.

Mwenzetu alishuka Mafinga. Likizo ijayo, alisema, anakwenda Rungwe na daftari. Nasi tumekubaliana kila mmoja aende kwa bibi yake, kabla hatujachelewa.