Bangi na Mtoto Mwenye Kifafa

Siku hizi habari za bangi zinasemwa kila mahali. Zinasemwa kilabuni, mnadani na hata kisimani. Watu wanauliza, "Huko Ulaya na Marekani madaktari wanatibu kwa bangi. Mbona sisi tunakatazwa?"

Swali hili linataka jibu, maana wako wazazi ambao wamekwisha kujijibu wenyewe. Wanachemsha majani ya bangi na kumnywesha mtoto mwenye kifafa. Vidonge alivyopewa zahanati wanaviacha.

Kwanza tuseme kweli. Bangi ina dawa ndani yake. Mwaka 1839 daktari William O'Shaughnessy, mtu wa Ireland, alieleza kutoka Calcutta, India, jinsi dawa ya bangi ilivyomsaidia mtoto mchanga mwenye degedege. Mwaka 1964 wataalamu wa Israel waliweza kuitenga ile sehemu ya bangi inayolevya. Inaitwa THC. Ipo sehemu nyingine iitwayo CBD. Hiyo hailevyi, nayo ndiyo iliyoonekana kusaidia kifafa.

Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa. Walijaribiwa watoto na vijana 120 wenye kifafa kigumu kiitwacho Dravet. Kikundi kimoja kilipewa CBD. Kingine kilipewa kitu kinachofanana nayo lakini hakina dawa. Wale wa CBD walikuwa wakianguka karibu mara 12 kwa mwezi. Wakawa wanaanguka karibu mara 6. Wale wengine walibaki karibu vile vile. Mwaka 2018 Marekani ikaikubali dawa hiyo, kwa jina la Epidiolex.

Sasa tazameni. Kutoka mara 12 hadi mara 6 ni nafuu kubwa kwa mama wa mtoto, lakini si kupona. Tena watoto wale hawakuacha dawa zao za kawaida. CBD iliongezwa juu ya dawa hizo. Habari hii ya pili ndiyo isiyofika kilabuni.

Turudi kwenye sufuria ya kijijini. Dawa ya hospitali hupimwa kwa uzito wa mtoto. Daktari huanza na kidogo, akaongeza polepole, na kuangalia kama ini la mtoto linaumia. Je, mama mwenye sufuria atapima nini? Bangi ya shamba hili si sawa na ya shamba lile. Majani si sawa na maua. Tena bangi inayolimwa ili ivutwe kwa kawaida ina THC nyingi na CBD kidogo, yaani ina ulevi mwingi na dawa ya kifafa kidogo. Isitoshe, vitu hivi haviyeyuki vizuri katika maji. Huyeyuka katika mafuta. Kwa hiyo anayechemsha kwa maji huenda asipate dawa yo yote. Anayechemsha kwa maziwa au mafuta anaweza kumpa mtoto ulevi mwingi mno. Mtoto mdogo akimeza bangi nyingi hulala usingizi mzito asiamke, na pumzi yake inaweza kupungua.

Kwinini nayo ilitoka katika gome la mti, mkwinini. Lakini nani humtafunisha mtoto gome la mti kwa kukisia?

Ubaya mkubwa kuliko wote ni kuacha vidonge. Mtu akiacha fenobabitoni ghafla, kifafa hurudi kwa nguvu. Anaweza kuanguka mfululizo bila kuzinduka katikati, akafa. Wengine huanguka motoni au mtoni siku hiyo hiyo. Bangi ikilaumiwa au isilaumiwe, mtoto amekwisha kuumia.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba watu 7 katika kila 10 wenye kifafa wanaweza kukaa bila kuanguka wakipata dawa zinazofaa na kuzimeza sawasawa. Dawa hizo zinaweza kugharimu dola 5 tu kwa mwaka. Ile Epidiolex ilipoanza kuuzwa Marekani bei yake ilikuwa kama dola 32,500 kwa mwaka. Fanyeni hesabu wenyewe. Wako watoto wachache ambao vidonge vya kawaida vimewashinda kabisa. Kwa hao mimi naona ingefaa hospitali kubwa za nchi yetu ziwe na CBD iliyopimwa. Lakini wengi wetu vijijini hatujafika huko. Wengi hawajameza fenobabitoni miezi sita mfululizo.

Na sisi watu wa zahanati tuna sehemu yetu. Mama akisema amempa mtoto bangi, wengine humfokea na kumtisha kwa polisi. Siku nyingine hatasema. Atakuja na mtoto aliyelala haamki, na mganga hatajua aanzie wapi. Mimi naona mama huyo aulizwe taratibu: ni majani au maua, kiasi gani, lini, na vidonge aliviacha siku gani.

Wako wanaosema Umoja wa Mataifa umeruhusu bangi. Sivyo. Tarehe 2 Desemba 2020 kamisheni yake ya dawa za kulevya ilipiga kura, 27 kwa 25. Iliiondoa bangi katika orodha ya dawa za hatari mno zinazohesabiwa kuwa na faida ndogo sana ya tiba. Bangi ilibaki katika udhibiti mkali pamoja na afyuni. Jirani zetu wa Malawi mwaka huo huo waliruhusu kulima bangi ya dawa, lakini kwa leseni. Kwetu Tanzania sheria ya mwaka 2015 inakataza kuilima, kuiuza na kuwa nayo. Mzazi akifungwa, ni nani atakayempeleka mtoto kliniki?

Mara nyingi mzazi hukimbilia sufuria kwa sababu alifika zahanati akaambiwa vidonge vimekwisha. Alitembea saa tatu na kurudi mikono mitupu. Hapo ndipo pa kupigia kelele. Zahanati ina kamati yake, na wajumbe wake ni wananchi wenzenu. Katika mkutano ujao wa kijiji waulizeni: fenobabitoni imebaki kiasi gani, na nyingine inakuja lini?