Daftari la Wapiga Kura Si Tunzo ya Washindi

Imekita katika nyoyo za watu wengi dhana ya kwamba chama kidogo cha siasa hakidhulumiwi serikali inapokiuzia orodha ya wapiga kura ambayo vyama vikubwa hupewa bure, kwa hoja kuwa orodha haikufichwa, inauzwa kwa yeyote mwenye fedha, na asiyekuwa na wafuasi wa kumchangia hana wa kumlaumu ila nafsi yake. Dhana hii naikataa katakata, kwa kuwa imevishwa joho la insafu ilhali ndani yake mna upendeleo mtupu.

Tuitazame Alabama, jimbo la Marekani, ambako chama chenye nafasi katika karatasi ya kura ya jimbo zima hupewa orodha bila malipo, na kisicho nayo, kama vile Chama cha Libertarian, hutozwa senti moja kwa kila jina. Senti moja si kitu, husema wasemao. Lakini majina yale yanapita milioni tatu, na senti hizo zikijumlishwa huvuka dola 30,000, mali ambayo chama kinachoishi kwa michango ya wanachama wachache hakiipati ila kwa taabu kubwa.

Na orodha hiyo ndiyo zana yenyewe ya kazi. Ili kuingia katika karatasi ya kura ya mwaka 2020, chama kilitakiwa kukusanya saini halali 51,588, na saini ya mtu asiyeandikishwa haihesabiwi. Mwenye orodha hubisha hodi kwenye nyumba anayojua kuwa mna mpiga kura, akamwita kwa jina lake. Asiyekuwa nayo husimama nje ya duka na karatasi zake mkononi, akiomba saini kwa kila apitaye, wala asijue ni ngapi zitakazosalimika. Basi chama huambiwa kionyeshe wafuasi kwanza, ndipo kipewe chombo cha kuwatafutia wafuasi!

Majaji watatu wa shirikisho huko New York waliliona jambo hili mwaka 1970, katika shauri la Socialist Workers Party dhidi ya Rockefeller, walipoibatilisha sheria iliyovipa orodha bure vyama vilivyopata kura 50,000 za ugavana na kuvitoza vinginevyo, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikaithibitisha hukumu yao mwaka huo huo. Walibertari wa Alabama, waliposhtaki kwa sababu ya tozo ile, hawakuipata bahati hiyo: walishindwa mahakamani, na rufaa yao ikakataliwa mwaka 2021. Naiheshimu mahakama, lakini hukumu yake siiafiki.

Wapo watakaonijibu kwamba hazina ya umma haiwajibiki kugharimia siasa za kila mtu. Nakubali. Lakini nakala za vyama vikubwa nazo hulipiwa na hazina hiyo hiyo, ambamo imo kodi ya mwanachama wa chama kidogo, naye hutozwa tena anapoomba yake. Bunge la Alabama likitaka kutoza, na litoze vyama vyote bei moja isiyozidi gharama ya kunakili. Na likitaka kutoa bure, na limpe pia yule anayekusanya saini nje ya duka.