Mtoto Hasemi, Ninyi Mnauliza GPA

Sensa ya 2022 ilituhesabu watu milioni 61 na ushee. Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha tulio nao nchi nzima, wakusanye wote pale kituo cha Gerezani: basi moja la mwendokasi litawabeba, na abiria wengine watapata nafasi. Katika ukame wa namna hiyo ungetegemea mlango wa taaluma hii uwe wazi mchana na usiku. Badala yake tumeweka bawabu, na bawabu huyo anajua swali moja tu. Una pointi ngapi?

Huu ni upuuzi. Nausema kwa hasira, na nina sababu.

Pita Mtaa wa Kongo saa nne asubuhi. Kariakoo nzima inaishi kwa mdomo: anayeuza anaita, anayenunua anabishana, dalali anaapa kwa mama yake mzazi kwamba hapo hapati hata mia. Yupo kijana mmoja wa soksi na boksa ambaye haiti. Spika yake ndogo imefungwa kwa kamba kwenye meza, inarudia kutwa nzima, buku mbili, buku mbili, na sauti iliyorekodiwa humo si yake, ni ya rafiki yake. Mteja akiuliza kama kuna saizi kubwa, kijana anatikisa kichwa na kuanza kuchakura mzigo. Ana kigugumizi tangu utotoni. Shuleni walimwiga, darasa likacheka, na mwalimu naye akacheka. Hajawahi kukutana na mtu aliyesomea tatizo lake, na angemkutia wapi?

Mama mwenye mtoto wa miaka minne asiyesema anapewa ushauri na mtaa mzima. Mmoja anamwambia mtoto ana udata, akakatwe chini ya ulimi. Mwingine anasema ni kimeo. Bibi anasema tulieni, hata baba yake alichelewa. Mwaka unapita, na mwaka huo kwa mtoto wa umri ule haurudi. Kuna mfanyabiashara aliyepigwa kiharusi, akili yake nzima, anaelewa kila unachomwambia, ila ukimuonyesha kitenge anachokijua miaka 20 hawezi kutaja bei. Kauli imekatika. Wapwa wanaendesha duka na kumsemea mbele yake kana kwamba ameshazikwa. Kuna mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura na kaakaa lililopasuka. CCBRT kule Msasani wamemfanyia upasuaji, sura imekaa vizuri, lakini akifungua mdomo maneno yanatokea puani, na wenzake wanamwita King'ong'o mpaka anaacha kuongea. Mshono ulikuwa kazi ya daktari wa upasuaji. Iliyobaki ni kazi ya mtu ambaye hatunaye.

Serikali nayo imeweka fedha. Tangu 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili inapandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto waliozaliwa hawasikii, kazi ambayo zamani ilitupeleka India. Hongera, kwa moyo mweupe. Ila kifaa kile kinapeleka sauti tu. Mtoto lazima afundishwe kwamba mlio huu ni mlango, huu ni jina lake, huu ni mama anamwita, na mafunzo hayo ni ya miaka. Mamilioni ya shilingi yako ndani ya sikio la mtoto, na mtu wa kumfundisha kusikia tunamtafuta kwa tochi.

Sasa twende kwenye mlango wenyewe. Kwa muda mrefu Mtanzania aliyetaka kazi hii ilibidi avuke mpaka. Makerere walianzisha shahada ya tiba ya usemi na lugha mwaka 2008, ya kwanza Afrika Mashariki, na wachache wetu wakapitia Kampala. Leo Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kina shahada ya kwanza inayounganisha odiolojia na patholojia ya usemi na lugha. Ukitoka Msimbazi kwa miguu, ukapita Fire, ukashika Barabara ya Umoja wa Mataifa, unafika hapo kabla jasho halijakauka. Lakini mtoto wa Kariakoo anayefika hapo kwa miguu hafiki kwa cheti, kwa sababu mlango unadai PCB: Fizikia, Kemia, Baiolojia.

Baiolojia naikubali. Fizikia ya mawimbi ya sauti pia, mtu wa usikivu aijue. Ninachokataa ni imani kwamba alama ya kidato cha sita inaonyesha nani atakuwa mtaalamu mzuri. Inaonyesha nani alisoma shule yenye maabara na mwalimu wa Fizikia, nani alikuwa na tuisheni, nani alipiga msuli bila kutumwa dukani kila jioni. Mtoto wa kayumba aliyepata D kwa madaftari ya kuazima anaweza kuwa na kichwa kizuri kuliko mwenye B ya shule ya milioni tano. Na kazi yenyewe inataka sikio linalotofautisha sauti mbili zinazokaribiana, subira ya kurudia silabi moja nusu saa bila kukunja uso, na mdomo wa kumwambia mama habari mbaya kwa Kiswahili anachokielewa. NECTA haina karatasi ya mambo hayo.

Nina mfano, na unanichoma. Dada mmoja ninayemfahamu alisoma isimu na Kiswahili, akamaliza na GPA ya 2.5. Mwaka wa kwanza bumu lilichelewa, baba akaugua, akala sapu mbili na keri moja, nusura adisko. Miaka miwili iliyofuata alama zilipanda, lakini GPA hujumlisha yote. Baada ya chuo akaingia kitengo cha watoto wenye usonji katika shule moja ya msingi ya Ilala, kwanza kwa kujitolea. Nimekaa nyuma ya darasa lake. Ana kadi alizokata kwenye maboksi ya sabuni na juisi, amezibandika picha: maji, choo, nyumbani, inauma. Kijana wa miaka tisa aliyekuwa akipiga kichwa ukutani alimletea kadi ya inauma, akagusa sikio lake. Dada akachungulia, akakuta usaha. Miezi mingapi mtoto yule alipigwa kwa utundu, kumbe anaumwa sikio?

Dada huyo aliomba kusoma uzamili katika chuo kimoja, ili akitoka awe na utaalamu wa kweli badala ya kubahatisha na maboksi. Mfumo wa maombi ulimtema. Hakuna binadamu aliyesoma barua yake. Vyuo vyetu vingi vinataka angalau 2.7 kati ya 5 kwa uzamili, na kompyuta ilipoona 2.5 ikafunga ukurasa. Sifuri nukta mbili! Kwa tofauti hiyo tumemwambia mtu aliyeng'amua sikio linalooza kwamba hafai kufundishwa kuhusu mawasiliano ya watoto.

Najua nitakachojibiwa. Hii ni taaluma ya afya, ndugu mwandishi, usilete siasa. Mgonjwa wa kiharusi akipewa uji vibaya anapaliwa, uji unaingia kwenye mapafu, nimonia inamuua. Kweli kabisa. Ndiyo maana nataka ukali uhamishwe kutoka mlango wa kuingilia uende mlango wa kutokea. Mwingizeni mwenye 2.5, kisha msimwachie cheti mpaka amehudumia wagonjwa wa kutosha chini ya jicho la msimamizi, na mpaka mmemuona kwa macho yenu akimlisha mgonjwa aliyepooza bila kumpalia. Asiyeweza arudi nyumbani, hata kama aliingia na 4.6. Anayepaliwa haokolewi na GPA ya anayemlisha.

Marekani, ambako hakuna utani katika jambo hili, mtu hapati cheti cha kitaalamu bila shahada ya uzamili na saa 400 za vitendo vinavyosimamiwa. Huko pia GPA wanaitazama, na kozi nyingi zinaweka 3.0 kati ya 4 kama kizingiti. Lakini ziko programu zinazopima kipindi cha mwisho cha masomo peke yake, ili aliyeanza kwa kuyumba asiadhibiwe maisha. Barua za watu waliofanya kazi na mwombaji zinasomwa. Mwenye alama pungufu anarudia somo lililomwangusha, anafanya kazi kama msaidizi wa mtaalamu, anaomba tena. Wao wana vyuo vya kozi hii kwa mamia na wanaacha upenyo. Sisi tunaohesabu kwa vidole tumeziba hata tundu la ufunguo.

Kinachoniudhi zaidi ni kuachwa nje kwa watu wa Kiswahili. Mtoto wa Kariakoo akisema kalibu mgeni, ana tatizo la matamshi? Huenda hana. Nyumbani kwao r na l ni ndugu, na bibi yake anasema hivyo hivyo. Akisema dahabu mahali pa dhahabu, nusu ya jiji inamuunga mkono. Ila akiwa na miaka sita na bado anaangusha silabi za mwanzo, au anachanganya ngeli kwa namna ambayo wenzake waliacha zamani, hapo pana jambo. Nani atajua mpaka uko wapi? Mtu aliyekaa na fonolojia na mofolojia ya Kiswahili kwa miaka. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI) pale Mlimani ipo tangu 2009 na inatoa watu hao, na wengi wako mtaani wanauza vifurushi vya simu. Wapeni mwaka mmoja wa anatomia na neva, walete Muhimbili. Vinginevyo tutaendelea kuwapima watoto wetu kwa vitabu vya picha vya Kiingereza vyenye theluji.

Wala sidai muujiza. Chuo Kikuu Huria kina programu ya faundesheni ambapo mtu aliyekosa pointi za kutosha kidato cha sita anasoma, akifikisha GPA ya 3.0 anaingia digrii kihalali, na Tume ya Vyuo Vikuu inamtambua. Daraja hilo lipo na watu wanavuka. Kwa nini fani hii isiwe na la kwake, lenye usaili wa ana kwa ana na miezi michache ya majaribio Hospitali ya Amana au darasani kama lile la maboksi? Na kwa anayesoma hapa huku GPA yake ikimtia aibu: usikae kimya. Stashahada ya uzamili ipo, kazi ya kujitolea ipo, na barua ya msimamizi aliyekuona ukifanya kazi ina uzito palipo na binadamu wa kuisoma. Andika pia kwa mkuu wa idara, usiishie kwenye mfumo. Wasumbue.

Kuna fundo jingine ambalo watu wa vyuo hawapendi lisemwe. Nafasi za kufundisha vyuo vikuu vya umma mara nyingi hutangazwa kwa masharti ya GPA ya 3.8 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa uzamili. Kwenye sheria au uchumi, sawa, waombaji wamejaa. Kwenye fani yenye wataalamu wa kubebwa na basi moja, sharti hilo linachuja hadi abaki nani? Mtanzania mwenye miaka kumi ya kutibu watu waliopoteza kauli hapati darasa kwa sababu alipokuwa na umri wa miaka 21 alipata C ya biokemia. Tunaita mgeni aje wiki mbili, apige picha na wanafunzi, aondoke.

Tume ya Vyuo Vikuu hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka, na vyuo ndivyo vinavyopeleka vigezo. Kubadili ukurasa wa kozi moja hakuhitaji mswada bungeni wala mkopo wa Benki ya Dunia. Kunahitaji kikao kimoja kabla matokeo ya kidato cha sita hayajatoka Julai, chenye watu wasioogopa kuulizwa kwa nini walimchukua mwenye 2.5.