Mipira minne mingine ya nini?



Juma hili nataka tuzungumze juu ya mipira ya motokari. Najua wengi wetu hatuna motokari. Lakini wengi wetu tuna mtoto, mdogo au shemeji aliye Kanada, na kila mwaka karibu na mwezi wa kumi na moja sauti yake kwenye simu inabadilika. Ukimkumbusha mambo ya feza anakujibu: "Mngoje kwanza, nanunua mipira ya baridi." Hapo sisi tunakasirika. Nyumbani kwetu neno hilo lilileta ugomvi wa miezi mizima, na mwenye kosa nilikuwa mimi mwalimu wenu. Ndiyo maana naandika.

Mdogo wangu anaishi Sherbrooke, katika jimbo la Quebec. Anafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Anatoka kwake saa nne ya usiku na kurudi asubuhi, saa ambazo basi za mji hazimfai. Motokari kwake ni kama jembe kwa mkulima. Ni Toyota Corolla ya 2010, aliinunua ikiwa imekwisha kutumika. Kila mwezi anatuma feza ya dawa ya presha ya mama, na mwezi wa tisa anaongeza kitu kwa masomo ya watoto wangu, kwa maana mshahara wa mwalimu mnaujua.

Mwaka wake wa kwanza na motokari alituambia: "Yaya, mwezi huu sitaweza kutuma. Lazima ninunue mipira minne na janti zake." Mama alishangaa sana. "Motokari iko na mipira minne tayari. Minne mingine ya nini? Atatembelea minane?" Tulicheka, kisha tukaanza kunung'unika. Mimi nilimtumia sauti kwenye Watsapu: nunua ya kutosha tu, watoto wasije wakafukuzwa masomoni.

Alinisikiliza. Alinunua miwili badala ya minne, ya kutumika, akaifunga mbele. Feza iliyobaki akatutumia. Watoto walibaki darasani, na sisi tukasema: mnaona, ilikuwa inawezekana.

Miezi mingi baadaye ndipo aliniambia habari nyingine. Usiku mmoja wa mwezi wa kwanza, akienda kazini, aligusa breki kwenye kona yenye barafu. Mipira ya mbele ilishika, ya nyuma haikushika. Motokari ilizunguka, nyuma ikawa mbele, ikaingia katika rundo la theluji kando ya barabara. Hakuumia. Kama kungekuwa na lori linalokuja, leo nisingekuwa naandika juu ya mipira. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza wakati wote huo. Akasema: "Ningewaambia nini, yaya? Mlikuwa mmekwisha kusema ninajinunulia mapambo."

Siku hiyo nilimwomba anieleze yote kutoka mwanzo, kama mwanafunzi anayeeleza somo ubaoni. Haya ndiyo niliyojifunza.

Chukueni mfano wa bukari. Ikitoka motoni ni laini, unaifinya, inafuata vidole. Ikilala usiku kucha inakuwa ngumu kama kipande cha ubao. Mpira wa motokari uko hivyo hivyo. Ule wa majira ya joto umetengenezwa kwa barabara yenye joto. Kipimo kikishuka chini ya digrii 7, unaanza kuwa mgumu na hauishiki tena barabara vizuri. Sisi wa Lubumbashi tunaijua baridi ya namna hiyo asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, tunapotafuta makoti. Lakini kwao kipimo kinashuka chini ya sifuri kwa miezi, na juu ya barabara kuna theluji, ile barafu laini inayoanguka kama unga unapochekechwa, ambayo motokari zikiikanyaga inageuka kuwa kioo. Mpira wa baridi umechanganywa kwa namna nyingine ili ubaki laini katika baridi, na uso wake una mikato midogo mingi inayouma theluji.

Tena kwao si jambo la kupenda. Tangu majira ya baridi ya 2008, sheria ya Quebec inalazimisha mipira hiyo. Sasa ni kuanzia tarehe 1 mwezi wa kumi na mbili mpaka tarehe 15 mwezi wa tatu. Inatakiwa kwenye magurudumu yote manne. Asiyetii anatozwa faini ya dola 200 mpaka 300, na gharama zake juu. Katika jimbo la Ontario hakuna sheria kama hiyo, lakini tangu 2016 makampuni ya bima yanatakiwa kumpunguzia bei mwenye kufunga mipira ya baridi.

Sasa, namna ya kuichagua. Mwaka uliofuata mdogo wangu alinunua upya, na safari hii tulifanya hesabu pamoja kwa simu, yeye kwake na mimi hapa na daftari.

Kwanza ni alama. Ubavuni mwa mpira lazima kuwe na picha ya mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Kuna mipira mingi yenye herufi M+S tu, inayoitwa ya majira yote. Tangu 2014, Quebec haihesabu mpira kuwa wa baridi kama hauna ile picha ya mlima. Iko pia mipira yenye picha hiyo inayoweza kubaki mwaka mzima. Mtu anayeendesha kidogo, mchana, ndani ya mji, anaweza kutosheka nayo asinunue seti ya pili. Lakini mdogo wangu anatoka usiku kabla mashine za kusukuma theluji hazijapita. Kwake seti ya pili ni ya lazima.

Pili ni umri. Mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT kuna nambari nne. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Kwa mfano, 3519 ni juma la 35 la 2019. Ile miwili aliyoinunua kwa kunisikiliza mimi iliandikwa 0811. Ilikuwa imepita miaka kumi. Kwa macho ilikuwa bado na meno, lakini kadiri mpira unavyozeeka unakuwa mgumu, na ugumu ndio tunaoukimbia. Meno nayo yapimwe: yakiwa chini ya milimita 4,8 mwanzoni mwa baridi, mpira hauna tena nguvu ya kutosha katika theluji, hata kama sheria inaukubali.

Tatu ni ukubwa. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna karatasi iliyobandikwa inayosema motokari inataka mpira gani. Yake inakuja na 205/55R16. Nambari 205 ni upana wa mpira kwa milimita, 55 ni urefu wa ubavu, yaani asilimia 55 ya huo upana, na 16 ni inchi za janti. Fundi alimshauri achukue 195/65R15, ukubwa ambao Corolla ya namna yake inaukubali pia. Nilipiga hesabu mwenyewe: gurudumu la kwanza lina urefu wa milimita 632, la pili 634. Tofauti ni ndogo kama punje ya mchele, hivyo kipimo cha mwendo hakidanganyi. Faida ni kwamba mpira wa inchi 15 una bei ndogo, na ule mwembamba kidogo unakata theluji vizuri kuliko mpana. Baada ya ukubwa kuna nambari ya uzito. Yake ni 91, maana yake kila mpira unabeba kilo 615. Msikubali nambari iliyo chini ya ile ya motokari.

Nne ni janti, chuma ambacho mpira unafungwa juu yake. Hapa ndipo mama alipokataa kabisa kuelewa. "Mpira sawa. Lakini chuma anacho." Ni kweli, mtu anaweza kutumia janti zilezile na kubadilisha mipira tu. Lakini kila mara fundi anaitoa kwa mashine, anaifunga mingine, anaipima upya isitikisike, na kazi hiyo inalipwa mara mbili kila mwaka. Garaji yake ilikuwa inaomba dola 100 kila mara. Mipira ikiwa tayari juu ya janti zake, fundi anafungua boliti na kufunga nyingine, dola 50. Janti nne za chuma za kutumika alizipata kwa dola 160. Ni hesabu ya darasa la nne: anaokoa dola 50 mara mbili kwa mwaka, yaani dola 100. Mwaka wa pili ukiisha ameokoa 200, janti zimejilipa na zimeacha faida. Zaidi ya hiyo, mpira usiotolewa na kurudishwa juu ya chuma kila msimu hauchaniki pembeni.

Achukue janti za chuma cha kawaida, si zile za aluminiamu zinazong'aa. Kwao wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo inakula mapambo. Janti nzuri zibaki kwa majira ya joto. Ahakikishe pia kwamba mashimo yanalingana: Corolla yake ina mashimo matano, kwa mzunguko wa milimita 100. Janti ya inchi 15 yenye mashimo matano ya nafasi nyingine haitaingia, hata kama muuzaji anaapa. Na baada ya kufunga, akitembea kilomita 50 mpaka 100, arudi kukaza boliti tena.

Tano, yote minne ifanane. Sitarudia kwa nini.

Basi, wamama, tufanye nini sisi tulio huku?

Tatizo la kweli niliona ni kalenda. Masomo yetu yanafunguliwa mwezi wa tisa, na hapo wote tunamkumbuka aliye mbali. Mipira inatakiwa kabla ya mwezi wa kumi na mbili. Mwezi wa kumi na moja garaji zao zinajaa, na mwenye kungoja anachukua kilichobaki. Kwa hiyo mizigo miwili inamwangukia mtu mmoja kwa wakati mmoja, na anaona haya kusema.

Sisi tulibadilisha hivi. Mwezi wa saba ninampigia simu na kumuuliza: mipira yako ina hali gani, mwaka huu utanunua au bado? Mwaka anaponunua, hatuombi kitu cha masomo. Mimi naomba zamu yangu ya likelemba iangukie mwezi wa nane, na ninalipa shule kwa sehemu kwa sehemu. Si rahisi. Mwaka ule mtoto wangu mmoja alirudishwa nyumbani siku tatu kwa ajili ya deni, na nilimwona mama akinitazama bila kusema. Lakini mipira ile minne, ikitunzwa mahali pakavu wakati wa joto, inatumika kwa miaka kadhaa. Si kila mwaka ni mwaka wa mipira. Kama hatuulizi, hatutajua ni mwaka gani.

Neno moja tena kwa wenye motokari au mwenye mume dereva hapa kwetu. Mkiona kwa muuzaji wa vitu vya kutumika mpira wenye ile picha ya mlima na theluji, msiuchukue kwa sababu meno yake ni marefu. Ule ulaini unaosaidia Sherbrooke unadhuru hapa: katika joto la mwezi wa kumi unaisha upesi, na kwenye lami ya moto breki zinachukua nafasi ndefu zaidi. Motokari inayopeleka watoto shuleni haitaki mpira wa theluji.

Mama sasa ameelewa. Mwaka jana mwezi wa kumi na moja alichukua simu mikononi mwangu na kumuuliza mdogo wangu kwa sauti kubwa, kama mtu anayeongea ng'ambo ya mto: "Mwanangu, umekwisha kuvaa mipira?" Huko upande wa pili tulisikia kicheko, kisha kimya, kisha mtu akipenga kamasi.

Swali la kuzungumza katika vikundi: Kuna gharama gani ambayo mtoto wetu aliye mbali alitutajia, na sisi tukaidhania uongo kabla ya kuuliza?

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.

Mwalimu wenu